Korongo Aliyehesabu Moshi

Hapo zamani za kale, kabla hata nyanya yangu hajaota jino, njaa iliingia nchi ya Mbugani. Tegeni masikio, na wewe acha kuchokonoa pua.

Kwa wanyama wa Mbugani ilikuwa aibu kubwa jiko la mtu kuonekana limepoa. Basi ghala lilipokwisha, kila nyumba ikabandika chungu cha mawe. Moshi fuu! Jirani adhani wanapika.

Bi Pimbi, mdogo kuliko wote, naye alichemsha mawe. Wanawe watatu walikaa wakingoja yaive. Kitindamimba alikuwa ameacha hata kulia.

Siku moja akaja Korongo, mjumbe wa Baraza la Ng'ambo. Neno lake lilikuwa zito: akitangaza njaa, ng'ambo wataleta mtama. Asipotangaza, basi.

Mfalme Nyati akamvuta pembeni. "Mheshimiwa, usitaje njaa. Watasema nimekula ghala."

"Si umelila!" akafoka Kiboko, aliyeutaka ufalme. "Korongo, sema ni njaa ya Nyati!"

"Ebo! Ni mvua haikunyesha!"

"Ni tumbo lako halikushiba!"

Korongo hakutaka kumuudhi yeyote. Akaruka juu, akahesabu moshi, kisha akatua kwenye mwamba wa Bi Pimbi, ambako kila mgeni huagwa kwa tonge la mwisho. Wanyama wote wakakusanyika.

"Mama, nimeruka tangu asubuhi," akasema. "Hebu nile kwanza."

"Tangaza kwanza, baba. Chakula nimekifunika, hakikimbii."

Bi Pimbi alijibu huku akitazama chini. Mbele yake palikuwa na sinia kubwa, juu yake kawa. Angeweza bado kulirudisha ndani.

Korongo akasafisha koo. "Ehe! Baraza limeona moshi katika kila nyumba. Mbugani hakuna njaa. Pana upungufu wa shibe, wa muda tu."

Nyati akapiga makofi, pa pa pa!

"Haya, karibu," akasema Bi Pimbi, akafunua kawa.

Sinia jeupe pee! Hata punje hamna.

Lo! Wanyama wakafunika nyuso. Kumwekea mgeni sinia tupu! Bi Pimbi akahisi masikio yanawaka moto.

"Chakula kiko wapi?" Korongo akang'aka. "Mimi nina njaa!"

"La, baba. Una upungufu wa shibe. Wa muda tu."

Kanga akacheka kwi kwi kwi, kisha akaanza kulia. "Hata kwangu ni mawe," akasema.

"Na kwangu," akasema Swala. Wakasema mmoja mmoja, wasiweze kutazamana.

Korongo akawaona wale watoto watatu, macho yao kwenye chungu. Shingo yake ndefu ikainama mpaka mdomo ukagusa mwamba.

"Njaa," akanong'ona.

"Paza sauti, baba. Ng'ambo ni mbali."

"NJAA!"

"Ya Nyati!" akadakia Kiboko.

"Ya mvua!"

"Nendeni mkagombane kule," akasema Bi Pimbi. "Mtama ukifika nitawaita."

Akalifunika sinia lake, akaingia nalo ndani, uso bado chini. Siku ya nne mtama ukavuka mto.

Basi ninyi, njaa yenu isemeni wenyewe, maana mkiificha kwa aibu, mgeni ataipa jina la kumfurahisha mkubwa wenu.