Matanga ya Bi Zena

Hapo zamani, watu walipokuwa na subira kuliko akili, palikuwa na mji uitwao Shungi, na Shungi ilikuwa na Sultani, jina lake Mwinyi Badi, na huyo Sultani alikuwa na hekaya yake. Sisemi hekaya ya kusimuliwa mara moja watu wakaenda zao. Hii ilianza enzi za marehemu baba yake, ikichezwa kila siku baada ya sala ya alasiri mbele ya lango la jumba, na haikuisha, kwa kuwa kila ilipokaribia mwisho mtu alitumbukia kisimani. Waliokufa walirudi. Waliorudi walikutwa wana pacha. Mchezaji wa baba mwenye nyumba alipofariki kweli akawekwa mwingine, mfupi mwenye kitambi badala ya mrefu mwembamba, na watu wakaambiwa kwamba katoka safarini na maji ya huko yamembadilisha. Wakaitikia, "Ee, maji ya ugenini si mchezo!" Ndio watu wa Shungi hao, na mimi wazee wangu ni wa huko huko, kwa hiyo sitawasema sana.

Katika hekaya hiyo alikuwamo Bi Zena, mjane muuza vitumbua na mkunga wa mtaa, mwenye ulimi usioogopa mtu na mkono usiomnyima mtu. Shungi nzima ilimpenda. Aliyemcheza ni Mwana Esha binti Kombo, aliyeianza kazi hiyo kigoli na sasa mvi zimemjaa, na jina lake mwenyewe watu walikwisha kulisahau. Akienda sokoni ni Bi Zena. Akienda kuzuru wagonjwa ni Bi Zena. Mwanamke mmoja alimfuata hadi kizingitini kwake kumgombeza kwa nini amemsamehe yule mkwewe mwizi, na Mwana Esha wakati huo hata mkwe hakuwa naye.

Mtungaji wa hekaya alikuwa Shekue, maskini wa kutupwa, kanzu yake moja na kofia ya kuazima. Watu walimhesabu mpumbavu, maana ukimwagiza jambo hulitenda kama ulivyolitamka. Waziri Mbaruku aliwahi kumfokea, "Niondokee mbele ya macho yangu!" Shekue akaenda kusimama nyuma yake, akashinda hapo kutwa.

Basi ikawa siku moja Mwana Esha akaletewa habari kutoka mji wa Kiwani, mbali huko bara, kwamba binti yake Mwanajuma ana mimba ya kwanza na siku zake zimekaribia. Mwana Esha akajitanda ukaya, akaenda mbele ya Sultani.

"Bwana wangu," akanena, "nimekuja kuomba ruhusa. Mwanangu anakaribia kujifungua, naye anamtaka mamaye. Uzazi wa kwanza ni wa mama, ndiyo ada yetu. Nami nimechoka, Bwana wangu. Nikienda sitarudi tena kucheza."

Sultani akashtuka kama aliyeambiwa kisima cha mji kimekauka. "Uende? Na Bi Zena je?"

"Bi Zena ni hadithi, Bwana wangu. Mwanajuma ni mwanangu."

"Hadithi!" Sultani akamgeukia Waziri. "Umemsikia? Eti hadithi!"

Waziri Mbaruku, ambaye kazi yake ilikuwa kusikitika Sultani anaposikitika, akasikitika sana. Akashauri awekwe mwanamke mwingine. Sultani akamkumbusha kwamba Mwana Esha alipougua homa waliweka mwingine, na watu wakampiga kwa vitumbua vyake mwenyewe. Ndipo akaitwa Shekue.

"Ewe Shekue!"

"Labeka, Bwana wangu."

"Nakuamuru umtoe Bi Zena katika hekaya yangu. Lakini asife, maana watu watalia, nami sipendi kelele. Asisafiri, maana watamngojea njiani na mashamba yatalala. Asiolewe, maana watataka kumjua mume na ukoo wake. Asiugue, asigombane, asisahauliwe. Na akitoka, watu wafurahi. Ikipita juma zima pasi na lalamiko hata moja, Mwana Esha ataondoka. Juma hilo atakaa humu jumbani mwangu asionekane na mtu. Likitokea lalamiko, basi atauza vitumbua mlangoni pangu mpaka siku yake ya mwisho, na wewe utahama mji huu."

"Sultani ana huruma," akasema Waziri.

"Mno," akasema Shekue.

Walipotoka nje Mwana Esha akaketi kwenye baraza akalia, na hakulia kilio cha Bi Zena, kile cha kusikika hadi safu za nyuma. Alilia kimya. "Shekue mwanangu, nimekwisha. Mtoto wangu atazaa na wageni."

"Mama," akasema Shekue, "hebu niambie. Umecheza mbele ya lango hili tangu ujana wako. Umewahi kukaribishwa ndani?"

"Ndani? Hata kata ya maji sijaletewa."

"Basi kesho utakaribishwa."

Kesho yake baada ya alasiri watu wakajaa uwanjani. Bi Zena akawasha moto, akamimina vitumbua, akamsema mkopaji mmoja hadi watu wakashika mbavu. Mara akaingia tarishi wa hekaya akapaza sauti: "Ewe Bi Zena! Sultani Mwinyi Badi amesikia sifa zako, naye anakualika uwe mgeni wake, mgeni wa heshima, nyumbani kwake!"

Lo! Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Bi Zena akajifuta unga mikononi, akajitengeneza ukaya, akapanda ngazi, na lile lango la jumba, lango la kweli lenye misumari ya shaba, likafunguliwa akaingia, likafungwa. Watu wakakumbatiana. Bibi mmoja akasema, "Walau mara moja katika maisha yake mtu amempa haki yake." Hakuna aliyelia, hakuna aliyenung'unika.

Sultani kule dirishani akacheka hadi kilemba kikamlegea. "Mbaruku, umeona? Hakufa, hakusafiri, hakuolewa! Na mimi ndiye niliyesifiwa!"

"Busara yako haina mfano," akasema Waziri, kana kwamba Sultani ndiye aliyetunga.

Asubuhi yake, kabla Sultani hajanywa kahawa yake, hodi ikapigwa langoni. Walikuwa wanawake wa mtaa wa Mkunguni na masinia yaliyofunikwa makawa vichwani. Wameleta mikate ya kumimina ya Bi Zena, kwa sababu yeye hapendi mikate ya watu wakubwa, ina sukari kidogo. Mlinzi akaipokea. Wakafuata wengine na samaki wa kupaka. Mzee mmoja akaleta mto, akaagiza aambiwe Bi Zena kwamba mgongo wake hautaki kitanda kigumu. Kufikia adhuhuri ukumbi wa Sultani ulinuka nazi. Alasiri hekaya ilipochezwa, kila mchezaji alipofungua kinywa watu waligeuka wakatazama madirisha ya jumba. "Yule pale!" "Siye, ni pazia." "Kapunga mkono!" Hakika lilikuwa pazia.

Siku ya tatu wakaja na majembe.

Sultani akatoka kibarazani kwa ghadhabu. "Nini tena?"

Mkulima mmoja wa pembezoni mwa mji, jina lake Mzee Kheri, akainama kwa adabu akajibu, "Shikamoo Bwana wetu. Ada ya wazee ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatutaki Bi Zena wetu aonekane mvivu kwako. Kila mtaa umeleta jembe moja. Mwonyeshe bustani alime, na sisi tutatazama tu hapa ukutani tusimsumbue." Na kweli walikuwa wamekwisha kuparamia ukuta.

Sultani akarudi ndani, akaagiza aletwe Shekue mbio.

"Ewe mlaaniwa! Watu wako langoni pangu!"

"Wamelalamika, Bwana wangu?"

Sultani akafikiri. "Hawajalalamika. Wameleta majembe."

"Alhamdulillahi."

"Usinihimidie hapa! Nilikwambia umtoe!"

"Uliniamuru nimtoe katika hekaya, naye katoka katika hekaya. Sasa yumo kwako. Kumtoa kwako hukuniamuru, wala mimi si mtu wa kumfukuza mgeni katika nyumba ya mwenyewe. Bali Bwana wangu, mruhusu Mwana Esha atoke awaage watu aende zake, mambo yaishe."

"Watalia!"

"Watalia," akakubali Shekue.

Sultani akamfukuza. Hapo sasa Waziri Mbaruku akasogea na shauri lake, na nawaombeni mlisikilize vizuri, maana mtu hasomi miaka yote ile bure. "Bwana wangu," akanong'ona, "dawa ya moto ni moto. Tutangaze kwamba Bi Zena amefariki usiku kwa amani. Watalia siku moja, kisha wataacha. Mtu aliyekufa haletewi mikate."

"Lakini nilisema asife."

"Ulisema Shekue asimuue. Wewe ni Sultani."

Sultani akaiona hoja hiyo ni nzito, na baragumu likapigwa mjini.

Jamani, watu wa Shungi hawajawahi kukosa kufika msibani. Ninyi mnajua, na Waziri alipaswa kujua, kwamba matanga huwekwa katika nyumba alimofia mtu, na kwamba waliofika hawaulizwi wataondoka lini. Jua halijapanda sawasawa, mji wote ukawa uani kwa Sultani. Majamvi yakatandikwa hadi kwenye ngazi. Wanawake wakaingia jikoni mwake bila kuuliza, wakatoa masufuria, wakaulizia mchele uko wapi. Wanaume wakamzunguka Sultani, kila mmoja akimshika mkono: "Pole, mfiwa." "Pole sana, mfiwa." "Ni kazi ya Mungu, mfiwa." Wakamuuliza maswali ya watu waungwana. Kaugua nini? Kaoshwa na nani? Kaburi lichimbwe wapi? Binti yake kapelekewa habari? Sultani akajibu, "Mwulizeni Waziri." Waziri akasema yeye naye ni mfiwa, hawezi kusema.

Huko orofani, katika chumba cha ndani, Mwana Esha akasikia vilio. Naye ni mwanamke aliyelelewa. Haiwezekani, haiwezekani kabisa, kuwe na msiba katika nyumba uliyolala, nawe ukae chumbani eti umeamriwa usionekane! Akavaa kanga zake, akajitanda ukaya, akashuka ngazi akiwa na huzuni ya mfiwa, akamwinamia bibi wa kwanza aliyemkuta juu ya jamvi.

"Poleni, mwanangu. Nani katutoka?"

Yule bibi akafumba macho akilia. "Bi Zena, mama. Bi Zena katutoka."

"Masikini! Bi Zena yupi?"

Yule bibi akafumbua macho.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Waliokuwa karibu na mlango waliondoka nao. Mmoja akazimia kwenye sinia la wali. Wenye akili zaidi, wale waliofuatilia hekaya tangu mwanzo, wakatikisa vichwa: "Nilijua. Ni pacha." Lakini Mzee Kheri akamkaribia, akamtazama, akamshika mkono, ukawa wa moto. Akamgeukia Sultani. Hakupaza sauti. "Bwana wetu," akasema, "hekaya ni hekaya, tumezoea kudanganywa na tunapenda. Lakini kifo ndicho kitu ambacho mtu akitangaziwa huacha jembe lake akaja. Nimeacha mke wangu anaumwa nije nikupe pole."

Sultani akakosa pa kutazama.

Ndipo Mwana Esha akatambua yaliyopita, akashuka hadi katikati ya watu, akavua ukaya wake mvi zikaonekana. "Watu wangu," akasema, na sauti haikuwa ile ya Bi Zena, "mimi naitwa Mwana Esha binti Kombo. Nimewapikia vitumbua vya uongo tangu sijaolewa. Katika hekaya hii nimezalisha watoto hata idadi imenipotea, na ninyi mlipiga makofi kila mara. Mwanangu wa tumbo yuko Kiwani, anakaribia kuzaa, na mkono wa kumshika hana. Nawapenda. Lakini naomba niende."

Basi wakalia. Walilia wanawake, walilia wanaume, alilia mlinzi wa lango, na Sultani, ambaye hakupenda kelele, alilia kuliko wote hadi Waziri akalazimika kulia pia, jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo. Hakuna aliyemzuia Mwana Esha. Mmoja akaenda kumletea punda, mwingine nepi za mtoto, mwingine mafuta ya nazi ya kumkandia mzazi. Wakamsindikiza hadi mwisho wa mashamba, wakampa mkono mmoja mmoja, na wengi, kwa mara ya kwanza, walimwita kwa jina lake.

Sultani akabaki uani na Shekue, katikati ya majamvi matupu.

"Shekue," akasema, huku akijifuta kwa ncha ya kilemba, "ningejua tangu mwanzo ningefanyaje?"

"Ungemwacha aage, Bwana wangu."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Watu wadogo hufanya hivyo kila siku."

Sultani akacheka kicheko kidogo cha aibu, akaamuru Shekue apewe kanzu mpya na kofia iliyo yake mwenyewe, na Waziri Mbaruku aoshe masufuria.

Mwana Esha alifika Kiwani. Mwanajuma alizalia mikononi mwake, mtoto wa kike, baada ya uchungu mrefu, na mara hii hapakuwa na watu uwanjani wala makofi, palikuwa na mtoto analia na bibi yake anacheka. Pangu mimi ni hapo. Mwenye kutaka zaidi aende akamwulize Sultani, na akifika langoni apige hodi kwa adabu, asibebe jembe.