Fundo la Khanga ya Bibi

Wapendwa, vijana wenzangu wa hapa chuoni, leo mnivumilie. Nimekuja na hasira kidogo na furaha nyingi.

Kulikuwa na bibi mmoja, mkulima wa kahawa. Chama chao cha ushirika kiliacha kulipa mkononi. Mauzo yake ya msimu mzima yakawa yanaingia benki, na benki yenyewe imo ndani ya simu. Mjukuu wake, msomi kama sisi, akaambiwa amfundishe. Alimfundishaje? "Bibi, lete hapa!" Vidole vikacheza, simu ikarudishwa. "Tayari." Tayari nini? Hiyo ndiyo elimu tunayojivunia?

Na onyo akampa: "Matapeli wakipiga, kata simu."

Bibi akashtuka. "Nimkatie mtu aliyeniamkia?"

"Kata tu, bibi!"

"Hata akisema shikamoo?"

"Hata akisema!"

"Basi simu yenu haina adabu. Chukua."

Msomi akaichukua. Akaketi, akamrudishia bibi simu mkononi, akauliza taratibu: "Bibi, lile fundo la pindo la khanga unalofungia pesa, mtu akikuamkia njiani unamfungulia?"

Bibi akacheka. "Fundo langu? Babu yako kafa hajui lina nini!"

"Namba ya siri ndiyo fundo. Salamu itikia, fundo usifungue."

Bibi akabonyeza mwenyewe. Akakosea, akarudia, chai ikapoa, mjukuu hakuigusa simu.

Siku chache baadaye simu ikalia. "Shikamoo mama. Napiga kutoka benki. Akaunti yako inafungwa sasa hivi, nitajie namba ya siri niiokoe."

"Marahaba, baba. Umeshakula?"

"Nimekula, mama... namba?"

"Hilo fundo halifunguliwi. Mungu akupe kazi ya halali. Kwaheri."

Kwaheri, wapendwa! Hakumkatia, alimuaga! Na pesa ya kahawa ikabaki ilipo. Mjukuu aliposikia akaruka kwa furaha.

Jumamosi, mjukuu yuko mjini, kaagizwa mbolea na bibi, kapiga mbiombio: "Bibi, nitajie namba yako ya siri nilipie huku huku kwa simu yangu!"

"Hata wewe."

"Bibi, ni mimi!"

"Sauti nimeijua. Fundo ni langu. Njoo nyumbani, nitalipa mwenyewe."

Akanuna! Sasa nawauliza: nani hapa hajui namba ya siri ya mama yake? Mbona mikono ni michache? Nani basi aliyemzoesha mama kuitaja? Ni sisi, na haraka zetu, na "lete hapa" zetu! Siku tapeli akija na sauti changa kama yetu, na haraka kama yetu, mama atamtambuaje? Halafu tunasema wazee hawafundishiki!

Likizo hii, kaa chini na mzee wako. Simu iwe mkononi mwake. Mwache akosee, chai ipoe. Mwambie abadilishe hiyo namba unayoijua, na wewe tazama pembeni. Na siku akikwambia "hata wewe", usinune. Piga vigelegele. Hayo ndiyo mahafali yake.