Nani Aegeshe Nyuma ya Kaburabura?

Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mtoe hukumu, maana wenyewe wa Nabuyenze ilishawashinda.

Katika kisiwa hicho cha Ziwa Viktoria walikuwapo wenye mashua watatu. Kulwijira Masatu alijaliwa macho. Akiwa usukanini huinama kila mara, akachungulia chini ya tanga, upande ambao wengine hawauoni. Nyabweke Lugora, mjane wa Bituro, alijaliwa sauti. Akimwita mtu ng'ambo ya ghuba, huitikiwa. Mafuru Kaitira alijaliwa mkono mwepesi, na mashua yake iligeuka kama mtu aliyeguswa begani.

Kila mwaka, kabla ya miezi ya dhoruba, watu hao hushindania egesho. Nyuma ya mwamba uitwao Kaburabura (wageni huuita Jiwe Jeupe, lakini jina lake ni Kaburabura) pana maji matulivu ya kutosha mashua moja. Mshindi huegesha hapo mwaka mzima. Waliobaki hupigwa na mawimbi mahali pa wazi. Mashua ya Kulwijira ilikuwa imeanza kuachana mbao. Fundi alimwambia bila kumficha kwamba haitamaliza msimu mwingine nje, naye hakuwa na nyingine.

Mashindano yana sheria zake. Anayepokea upepo kwa mkono wa kushoto humpisha anayeupokea kwa mkono wa kulia. Asipopishwa, mwenye haki hupaza sauti, "Kulia!" na aliyeitwa hugeuka papo hapo, maswali huulizwa nchi kavu. Tena, mwenye haki akiiacha kwa hiari yake, haidai baadaye.

Siku hiyo walikuwa wakipanda kinyume cha upepo kuelekea boya la mwisho, ambako mashindano huishia, huku na huku, kama ilivyo lazima. Kulwijira alikuwa na upepo wa kulia, na boya lilikuwa karibu. Akainama, akachungulia. Mafuru alikuwa anamjia kwa upepo wa kushoto, amefunikwa na tanga lake mwenyewe, haoni kitu. Sheria ilikuwa upande wa Kulwijira. Lakini sauti yake haikupata kuvuka hata ua wa nyumba yake, na ndani ya mashua ya Mafuru walikuwamo watu. Akasukuma usukani, akageuka.

Nyuma yao Nyabweke aliziona mashua zote mbili. Hakuwa na haki ya kuita, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimgonga. Akaita hata hivyo: "Kulia!"

Mafuru hakutazama wala hakuuliza. Aligeuka mara moja, kwa nguvu, na tanga lake likapasuka toka juu hadi chini.

Mashua mbili zikapishana kwa upana wa kasia. Angegeuka mmoja tu, zingegongana. Na katika uwazi ule ulioachwa katikati akapita Nyabweke, akawa wa kwanza kufika kwenye boya.

Ufukweni kila mtu alikuwa na lake. Nyabweke alidai kwamba aliyefika kwanza amefika kwanza. Mafuru akamwambia, "Shemeji, sauti ile umeipiga kwa ajili yangu au kwa ajili ya njia?" Nyabweke akamjibu kwamba yeye angenyamaza, Mafuru angekuwa anawauliza samaki swali hilo. Mafuru akasema basi egesho apewe yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyetii sheria na tanga lake likaharibika kwa kutii. Watu wakamkumbusha kwamba mwenye upepo wa kushoto hutazama kabla ya kuitwa.

Ndipo mwamuzi, Mzee Tibwita, alipomgeukia Kulwijira.

"Bwana Masatu, uligeuka baada ya kusikia sauti, au kabla?"

Akisema baada, basi aliondolewa njiani na mwito usio halali, na egesho ni lake; akisema kabla, aliiacha haki kwa hiari yake. Hakuna mwingine aliyejua. Kulwijira aliitazama mashua yake, maji yakiingia taratibu kwenye nyufa.

"Kabla," akasema.

Mzee Tibwita akaenda nyumbani bila kutamka jina la mshindi. Jioni hiyo nyuma ya Kaburabura hapakuegeshwa mashua, na mawingu ya msimu yalikuwa yamekwisha kuonekana.

Mmoja aliacha haki yake, mmoja aliita bila haki, mmoja alitii bila kuona, na wote wako hai. Mngekuwa ninyi, nyuma ya mwamba ule angeegesha nani?