Ufunguo wa Koki ya Mwasuta

Hapo zamani, tena si zamani za mababu, ni zamani za juzi tu ambazo watu wake wangali hai, palikuwa na kijiji kiitwacho Mwasuta. Upepo wa Mwasuta ulikuwa haulali, na jua lake halikuwa na huruma. Pembeni mwa kijiji lilikuwapo ziwa la maji ya chumvi, yale ambayo ng'ombe hayanywi na mahindi hayayataki.

Kando ya ziwa hilo aliishi Eliwaza, mpika chumvi. Kila kiangazi, maji yaliporudi nyuma, alikwangua udongo mweupe, akauchuja, akauchemsha chunguni mpaka chumvi ikabaki chini. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Na ili mwakani ajue aanzie wapi, kila mwaka alipiga kigingi pale maji yalipokomea. Vigingi vikafika kumi na viwili. Watu wakamtania, "Eliwaza, unalipimia ziwa kanzu?" Naye akacheka nao, kisha akapiga kigingi chake.

Basi ikaja kampuni. Ikamleta injinia aitwaye Lusajo, mtu mpole, akasimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "upepo wenu na jua lenu vitatupa umeme. Umeme huo tutaupitisha kwenye maji, nayo yatagawanyika. Humo itatoka hewa iitwayo haidrojeni. Kwa hewa hiyo tutatengeneza mbolea, bila makaa, bila mafuta, bila moshi."

Bibi mmoja akauliza, "Maji yenyewe tunagawana kwa kata, nanyi mmekuja kuyagawa tena?"

Mkutano ukaangua kicheko. Lusajo naye akacheka. "Tutachota ya ziwani, bibi. Kwanza tutayatoa chumvi. Na katika hayo matamu, sehemu itakuja bombani kwenu."

Maji matamu bombani! Mbolea kila msimu kwa kila kaya! Kazi kwa vijana! Mwasuta ilikuwa imevuna mabua matupu miaka mitatu mfululizo. Watu wakataka kusaini siku hiyohiyo.

Lakini mtambo ulihitaji uwanda, na uwanda ulikuwa mmoja tu, malisho ya Mzee Mughenyi. Alikuwa na hati yake ya kimila, na bila ridhaa yake hapangejengwa kitu. Lusajo alimwendea mara tatu, akakataliwa mara tatu. Mara ya nne mzee akamuuliza, "Hiyo mbolea, itamfika shemeji yangu, ambaye watoto wake wanalala na mlenda mtupu?"

"Itamfika, mzee."

"Basi chukueni."

Kampuni ikampa malisho mengine, mwendo wa siku mbili. Huko kulikuwa na mbung'o. Ng'ombe kumi na mmoja wakafa. Mzee Mughenyi akarudi na fimbo yake, wala hakumlaumu mtu.

Ukaja mkataba, kurasa tisini za Kiingereza. Mwenyekiti, Mama Mwamini, akashika kalamu. Hapo akainuka Mzee Zabroni, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini. "Nipeni siku saba niusome," akasema.

"Karani, wiki hii si ndiyo madaktari wa macho wanakuja wilayani? Nawe si umeandikishwa?" Mama Mwamini akamuuliza.

"Madaktari watarudi mwakani. Mkataba huu tukishausaini, haurudi kwa miaka thelathini na mitatu."

Akausoma siku saba, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, la pili likitoa machozi. Siku ya nane akauambia mkutano, "Wameandika hapa kwamba watachota maji kadiri kazi itakavyohitaji. Jamani, kazi haijui kushiba. Na sheria hailindi neno ambalo hamkuliandika." Akadai iwekwe alama ya chuma ziwani. Maji yakishuka chini ya alama, koki ya bomba la kuchotea ifungwe, na ufunguo wa koki hiyo akae nao mtu wa Mwasuta.

Mwanasheria wa kampuni akakubali, ila akasema, "Awe mtu mmoja, jina lake liandikwe. Akiifunga koki bila sababu, yeye ndiye atakayejibu mahakamani. Hatuwezi kukishtaki kijiji kizima."

Ikaandikwa hivyo, nafasi ya jina ikaachwa wazi. Madaktari wa macho waliporudi mwaka uliofuata, walimwangalia Zabroni wakasema, "Mzee, umechelewa." Tangu hapo akawa anatembea kwa kushikwa mkono.

Sasa alama iwekwe wapi? Karatasi za Lusajo zilisema ziwa lina kina, halina wasiwasi. Eliwaza aliyasikia hayo, moyo ukakataa. Asubuhi akamfuata. "Injinia, ziwa mlilipima lini?"

"Mwaka juzi, mama."

"Mwaka wa mafuriko. Njoo uone."

Akamtembeza kutoka kigingi hadi kigingi. Huu mwaka wa nzige. Huu mwaka wa surua. Huu mwaka ambao hata fisi walihama. Lusajo akapima, akaandika. Mwishowe akasema, "Mama, tungejenga kama tulivyochora, mwaka wa tano tungekuwa tunachota tope. Itabidi mtambo upungue nusu. Na yale maji ya chumvi yatakayobaki, tusiyamwage ufukweni."

Kisha akauliza, "Mwaka wa ukame mkubwa kuliko yote, maji yalibaki wapi, ili bomba na alama viwekwe huko?"

Eliwaza alipajua. Palikuwa mahali pamoja tu, mbele ya jiko lake la chumvi. Bomba likipita pale, ufukwe wake utazungushiwa uzio. Angeweza kuonyesha pengine, nani angejua? Akavitazama vyungu vyake. Ndipo akanyoosha kidole, akasema, "Pale."

Uzio ukajengwa. Siku Eliwaza alipokwenda dukani kununua pakiti ya chumvi kwa mara ya kwanza maishani, alijifunika khanga hadi puani, kana kwamba ameiba.

Mtambo ukawaka. Maji matamu yakatoka, mahindi yakabeba. Ufunguo ukakaa kwa Mwenyekiti kwa muda, na kila mkutano ukasema, tutachagua mwezi ujao. Watu wakishiba huahirisha mambo. Halafu mvua zikakosekana. Ziwa likashuka hadi vidole vinne juu ya alama, na mbolea ya msimu bado haijatoka. Kampuni ikaleta barua: koki ikifungwa mwezi mmoja, nusu ya kaya zitakosa mbolea. Haikuwezekana kuahirisha tena.

Mkutano ukakaa. Mzee Mughenyi akasema, "Mimi nilitoa ardhi. Bila uwanda wangu hapangekuwa na mtambo, wala bomba, wala koki. Aliyetoa ndiye ajuaye uchungu wa kupoteza. Nipeni."

Sauti ikatoka nyuma, "Binti yako anafanya kazi mtamboni, mzee. Utaufunga mlango wa riziki yake?"

"Ndiyo maana sitaufunga kwa hasira," akajibu.

Mzee Zabroni akasema, "Mimi nililipa kwa macho yangu. Ufunguo huo ulikuwa maneno tu kinywani mwangu kabla haujawa chuma. Na mahakamani atakayesimama ni nani, asiyeijua sheria?"

"Lakini alama utaionaje, Karani?"

"Nitaigusa kwa kidole. Maji yakiwa chini ya chuma, hata kipofu anajua."

Eliwaza akasimama wa mwisho. Aliutaka ufunguo ule, na aliona haya kuutaka. "Mimi nililionyesha ziwa lilivyo," akasema. "Bila vigingi vyangu, alama ingekuwa ya uongo. Nalijua ziwa hili likiwa na homa kabla halijalala kitandani."

"Wewe utafunga hata likipungua tone," mtu akamwambia. "Tutakula nini?"

Eliwaza akawaangalia wenzake wawili. Akawaza watoto wanaokula ugali sasa. Akawaza ziwa. Mama Mwamini akamwambia kwa upole, "Eliwaza, mwanangu, tuseme jina lako halipo. Kati ya hawa wawili ungempa nani?"

Eliwaza akatikisa kichwa. Akaketi.

Mwenyekiti akauweka ufunguo mezani, kando ya karatasi yenye nafasi ya jina moja. Akawaambia watu wa Mwasuta wapige kura.

Mimi nawaachia hapo, nanyi mliokaa mkanisikiliza, hesabuni kura zenu. Mmoja alitoa malisho, mmoja alitoa macho, mmoja alitoa jiko la mama yake. Maji yako vidole vinne juu ya alama, na shamba linangoja. Je, nani alistahili ufunguo?