Mkumba Aliposhuka Dunguni

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mmeisikia methali hii leo, mkadhani ilitungwa na mwoga fulani apate kujitetea. Basi acheni kunong'onezana, niwaeleze ilikotoka. Aliyeitamka kwanza alikuwa mama aliyefiwa.

Zamani watu wa bondeni walilima mpunga kando ya mto. Mpunga ukianza kuiva, kila nyumba ilihamia shambani, ikaishi juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu, ili kufukuza ndege na nguruwe. Wazee walibaki kijijini, kilimani. Ilikuwa aibu kubwa kushuka dunguni na kurudi kilimani kabla ya mavuno. Aliyeshuka kwa hofu aliimbwa. Nyie mnacheka, hamjui kuimbwa! Mwaka uliotangulia, mtu mmoja aliyakimbia maji ambayo hayakuja. Wanawake wakamtungia wimbo, watoto wakaucheza, hata mkwewe akaitikia kiitikio. Mtu yule alihama, na wimbo ukamfuata huko huko.

Asubuhi moja kijana aitwaye Mkumba aliamka akakuta siafu wanapanda nguzo za dungu lake, wamebeba mayai yao. Panya nao walikuwa wamejaa paani. Mbingu zilikuwa safi, hazina wingu hata moja, lakini mto ulikuwa umenyamaza. Mkumba alishikwa na hofu. Akatazama madungu ya jirani, akaona watu wameketi, wanapiga kelele za kufukuza ndege kama siku zote. Akajiambia, “Wangeona hatari wangeshuka.” Naye akakaa. Kumbe na wao walikuwa wakimtazama yeye.

Jua lilipopanda, mwanawe akamuuliza, “Baba, mbona wanafukuza ndege na ndege hawapo?”

Hapo Mkumba hakungoja tena. Akambeba mtoto mgongoni, mkewe akambeba mdogo, wakashuka.

Njia ilipita chini ya dungu la Ngwali, rafiki yake wa tangu utotoni.

“Mkumba! Umekwisha vuna?” Ngwali aliita kwa sauti ya kusikika na wote. Madungu yote yakaangua kicheko.

Mkumba akasogea hadi kwenye nguzo. Zilikuwa zimezungushiwa majivu, bado yana joto, ya kuzuia siafu wasipande.

“Ndugu yangu, kumbe nawe umewaona,” alisema kwa sauti ya chini.

Ngwali akainama. “Tangu alfajiri.”

“Basi shuka!”

“Nishuke waniimbe? Mama yangu akausikie wimbo wangu kisimani?”

“Basi nipe mtoto.”

Mke wa Ngwali alikuwa amekwisha mnyanyua binti yao amteremshe. Ngwali akatazama huku na huku. Watu wa madungu yote walikuwa wamegeuka, wanawaangalia.

“Mrudishe,” akasema. Mkewe akamkumbatia tena mtoto.

Mkumba akaenda zake, na nyuma yake wimbo ukaanza. Aliona haya, nawaambieni kweli. Zaidi ya mara moja alisimama arudi, mkewe akamsukuma mbele. Walikuwa hawajafika juu waliposikia wimbo umekatika ghafla. Walipogeuka, bonde zima lilikuwa maji mekundu, na madungu yanaanguka moja baada ya jingine. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko mto unakotoka, wala bondeni halikudondoka tone.

Waliookolewa walikuwa wachache. Katika dungu la Ngwali hakupona mtu.

Siku ya matanga Mkumba alikaa karibu na mama yake Ngwali, akamsimulia yote waliyoambiana. Katika ua wa pili, watoto wa Mkumba, wasiojua msiba ni nini, walikuwa wakikimbizana na kucheka. Mkumba akainuka kwa aibu aende kuwanyamazisha, mama yule akamshika nguo.

“Waache wacheke, baba. Mwanangu aliogopa nisije nikasikia akiimbwa. Laiti angerudi! Ningeuimba wimbo huo mimi mwenyewe, kisimani na jikoni, mpaka nife, naye akiwa hapa ananikasirikia.” Akajifunika kanga usoni. Kutoka ndani ya kanga wakamsikia akisema:

“Kwa mwoga huenda kicheko. Kwa shujaa huenda kilio.”