Nimeipenda Si Nifungie

"Nimeipenda si nifungie." Maneno haya Mzee Shekivuli alimwambia mjukuu wake Mwasiti, aliyekuwa akirukaruka na simu mkononi kwa sababu picha ya sabuni zake ilikuwa imesifiwa na watu wengi kabla hata jua halijapanda. Vijana wenzake wakacheka, kisha wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Mzee akasema wahenga hawahusiki. Msemo ni wa mdogo wake, marehemu Mwajabu, na ulizaliwa hapa hapa Mombo. Ulianza namna hii.

Mwajabu aliuza visheti kwenye lango la stendi. Alivichapa kimoja kimoja kwenye meno ya kitana kipya, akavikaanga, akavivisha shira yenye iliki, na aliyeonja kimoja hakukomea hapo. Sasa, basi la safari halikai. Abiria akishatoa kichwa dirishani akasema "nimevipenda", mkono wake umekwisha kuingia mfukoni, maana konda naye anapiga bodi. Kwa miaka yote aliyokaa pale langoni, Mwajabu hakupata kumwona mtu anayependa bure. Kwake yeye kupenda na kununua lilikuwa neno moja.

Siku aliyopata simu ya kupangusa, alitandika kanga yake ya Idi mezani, akapanga visheti juu ya sahani ya wageni, akafungua dirisha ili milima ionekane kwa nyuma ikiwa imejifunika ukungu. Akapiga picha. Akaitia kwenye kundi la wenyeji wa Mombo waishio mbali, akaandika: "Visheti vya kwetu." Halafu akaenda kuteka maji.

Aliporudi, simu ilikuwa ikitetemeka kama mtu mwenye homa. *Nimeipenda. Nimeipenda sana. Jamani nimeipenda!* Mwajabu akaketi chini.

"Baba Hoza!" alimwita mumewe. "Njoo uone. Dunia nzima inataka visheti."

Kesho yake alikwenda stendi kuaga. Mwenyekiti wa wachuuzi alimkumbusha sheria yao: anayeaga meza mbele yake ameiaga, hawezi kesho kuirudia kama nguo aliyoianika.

"Andika nimeaga," alisema Mwajabu. "Meza mpe Mama Sefu, apumzike kutembeza mayai juani. Na mwavuli namwachia."

Mama Sefu, muuza mayai ya kuchemsha, alimtazama usoni kuona kama ana mzaha. "Na wewe utauzia wapi, shoga?"

"Mtandaoni."

"Huko basi linasimama?"

"Huko hata halihitajiki."

Mwajabu akanunua unga, sukari na mafuta kwa pesa yake yote ya akiba, akakaanga. Kila aliyeandika *nimeipenda* alifungiwa ndoo yake ndogo, jina juu ya kifuniko. Ndoo zilijaa sebuleni, zikaingia chumbani, zikapanda juu ya kabati. Vindoo vipya vilipokwisha, akachukua vya nyumbani.

"Mke wangu," aliuliza Baba Hoza akiwa na taulo kiunoni, "ndoo ya kuogea iko wapi?"

"Ina visheti vya mtu wa Mwanza."

"Mimi nioge na nini?"

"Na subira. Tutanunua ndoo tano."

Ndipo alipowasha simu na kumpigia wa kwanza, mama mmoja wa Dodoma. Alimweleza kwa furaha kwamba mzigo wake tayari, ataje basi.

"Mzigo gani?"

"Visheti. Si uliandika nimeipenda?"

"Aaa, dada yangu! Nimeipenda picha. Ule ukungu ulinikumbusha kwetu, nikalia kidogo. Mimi sukari nimekatazwa."

Wa pili alisema yeye aliipenda kanga, akauliza kama inauzwa. Wa tatu, bwana mmoja mchangamfu, alisema asishikwe kwa neno hilo, kwani yeye huliandika kila mahali bila kusoma. "Juzi nimeliandika kwenye tangazo la msiba. Mpaka leo hawanisalimii." Mtu wa Mwanza, ambaye Baba Hoza alikuwa haogi vizuri kwa ajili yake, hakupokea kabisa.

Mwajabu akaweka simu chini. Mumewe akatazama ndoo, akamtazama yeye, akakohoa.

"Lakini neno lenyewe lilikuwa wazi," alisema. "Kisheti, visheti. Wangevitaka wangeandika *nimevipenda*. Hawa wote wameandika *nimeipenda*. Hiyo ni picha."

"Wewe uliyefeli Kiswahili!"

"Nilifeli, ndiyo. Ila ndoo yangu naijua."

Mwajabu hakucheka. Visheti vikikaa sana hulegea, na hapa alikuwa navyo vya kulisha harusi, hana akiba, hana meza. Kulipokucha alijitwisha ndoo mbili, nyingine akambebesha mumewe, wakashika njia ya stendi.

Mama Sefu alikuwa amekaa chini ya mwavuli, miguu ameinyoosha.

"Karibu, mtu wa mtandaoni! Vipi, kumefungwa huko?"

"Kuko wazi. Nilichofunga ni ndoo." Mwajabu akatua mzigo. "Mama Sefu, nimekosea. Naiomba meza yangu."

"Uliaga mbele ya mwenyekiti."

"Najua."

"Na mimi mgongo wangu umeshazoea kivuli."

Wachuuzi walikwisha kusogea. Mama Sefu alipenda ushindi, lakini alipenda zaidi kuupata mbele za watu. Akasema: "Basi lile linaingia. Atakayeambiwa *nifungie* kwanza ndiye mwenye meza. Umekubali?"

Mwajabu akakubali, kwani hakuwa na la kufanya.

Basi likasimama. Abiria wengi walikuwa wametoa simu wakipiga picha za milima. Dada mmoja mwenye miwani akaelekeza simu kwenye ndoo, akabonyeza, akatabasamu. "Waoo! Nimeipenda!"

Mwajabu akarukia dirisha kwa mikono miwili.

"Hilo neno silitaki! Limenimaliza! Umeipenda picha au umevipenda visheti? Kama ni visheti, sema *nifungie*!"

Yule dada akashtuka, miwani ikamshuka puani. "Haya mama, nifungie! Nifungie viwili!"

Stendi ikalipuka kwa kicheko. "Amemtisha mteja!" alipiga kelele Mama Sefu. "Hiyo si biashara, ni ujambazi!" Lakini abiria waliokuwa nyuma, kwa kucheka au kwa woga, nao wakaanza kuita, "Na mimi nifungie, mama, usije ukanipiga," na Baba Hoza akawa anakimbia toka dirisha hata dirisha.

Basi lilipoondoka, Mama Sefu alihamishia mayai yake upande mmoja wa meza. "Kaa hapo," alisema. "Nusu yako, nusu yangu. Mwavuli sirudishi."

Mtandao Mwajabu hakuuacha. Ila kila aliyemwandikia *nimeipenda* alimjibu, "Ahsante. Nikufungie?" Wengi walinyamaza. Waliosema ndiyo, hata wakiwa wachache, ndoo zao hazikurudi nyumbani. Stendi nzima ikauchukua msemo, wakautumia hata kwa vijana wanaosifia mabinti wa watu na posa hawaleti.

Walikaa hivyo miaka mingi, wakitukanana kila siku kuhusu kivuli. Mwajabu alipofariki, mwaka jana, Mama Sefu hakuyasogeza mayai yake. Nusu ile ya meza huipangusa kila asubuhi na kuiacha wazi. Juzi kijana mmoja muuza chaja akasimama mbele yake, akaipima kwa macho, akasema, "Mama, nafasi hii nimeipenda."

Mama Sefu aliendelea kumenya yai la mteja.

"Ipende tu, mwanangu," alisema. "Nimeipenda si nifungie."