Viatu Alivyovishona Lundgren

Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Waliotuonya tusiutupe wetu kwa sababu ya ule wa mpita njia huenda hawakuwahi kukanyaga barafu, lakini Bohdan Kostiuk walimjua vyema.

Bohdan alikuwa amecheza hoki ya barafuni miaka miwili katika timu ndogo ya mji wa Brandon, akisafiri kwa basi na kulala ameketi. Viatu vyake vya kutelezea vilikuwa vimepasuka ubavuni na kushonwa mara tatu na mzee Lundgren, fundi wa timu aliyevinoa vyuma vyake vya chini kila asubuhi. Vilikuwa vibaya kuvitazama, ila vilimkaa kama ngozi yake mwenyewe.

Alhamisi moja simu ikalia. Timu kubwa ya jiji la Winnipeg ilikuwa na majeruhi, hivyo Bohdan angecheza kesho yake. Ni mechi hiyo moja tu, kisha waamue kama anabaki.

"Huko watakupa viatu vipya," Lundgren alimwambia akimfungia mkoba. "Pokea, shukuru, uviweke. Kiatu kipya huzoeshwa mazoezini wiki mbili. Mechini vaa hivi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee. Kwani mimi mtoto?"

Kweli, huko Winnipeg alivikuta vikimngoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, vinang'aa, vimeandikwa jina lake. Alipotoa vile vikuukuu, chumba kizima kikaangua kicheko.

"Lo! Hivyo umevirithi kwa babu?" nahodha akamtania.

"Babu gani? Angevikataa!" mwingine akadakia.

Aibu ikamwingia Bohdan. Akacheka nao, akavitupa viatu vyake kwenye pipa la taka, akavaa vipya.

Desturi yao ni kwamba anayecheza mara ya kwanza hutangulia barafuni na kuzunguka peke yake, wenzake wakimtazama kutoka mlangoni. Baba yake, aliyeendesha gari kwa saa tano kwenye theluji kutoka Dauphin, alisimama penye ukuta wa kioo unaozunguka uwanja akibubujikwa na machozi ya furaha. Kwa mzunguko ule mmoja, kijana alikuwa mfalme.

Kufikia kipindi cha pili visigino vilikuwa vikiwaka moto na soksi zimelowa damu. Akageuka ghafla kumkaba mpinzani, mguu ukakataa, akaanguka chali. Mpinzani akapita na kile kisahani cheusi wanachokigombea, akafunga. Timu yake ikashindwa kwa bao hilo hilo. Kocha hakumfokea, alimketisha tu benchi hadi mwisho.

Asubuhi akarudishwa Brandon. Lundgren alikuwa ameshawasha mashine ya kunolea.

"Pole, mwanangu. Yamepita hayo. Lete viatu vyetu."

Bohdan akainamisha kichwa. "Nilivitupa, mzee."

Lundgren akaizima mashine. "Na vile vipya?"

"Vya timu. Wamebaki navyo."

"Mara tatu nilivishona," mzee akasema taratibu, akatoka.

Bohdan akalia pale pale kwenye benchi, soksi mguuni, na msimu ule Winnipeg haikumwita tena. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.